Mwanga Haukuifuata Sumaku

Chumba cha Kuoshea Vyombo,
Maabara, ghorofa ya chini.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa Mpwa wangu,

Nakusalimu kwa heshima na taadhima, nikitumaini kwamba baridi ya huko imekihurumia kifua chako. Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu, nalo limeshazoea. Dhumuni la waraka huu ni kukiri kosa na kuomba uamuzi wako kabla hujasimama mbele ya wataalamu mwezi ujao.

Chupa yako namba saba, ile mliyoishangilia wewe na profesa wako kwa kuwa chembe zake ndogo mno zinang'aa na papo hapo zinavutwa na sumaku, nina shaka nayo. Wiki uliyoipika, asidi ilikuwa imekwisha. Visumaku vya kukorogea unga mweusi wa chuma, ambavyo kanuni yataka vioshwe peke yavyo kwa asidi, nilivitia beseni moja na vyako, nikavisugua kwa sabuni. Vilionekana safi, lakini sasa nahofia masalio ya unga ule yalihamia kwenye vyako, yakaingia chupani. Sikumwambia mtu.

Najua mlipima mng'ao kwa mashine moja na mvuto kwa nyingine, kila kimoja siku yake. Basi jana adhuhuri nilijifunika koti pamoja na chupa ile na taa ya zambarau inayozifanya chembe zing'ae, nikaweka sumaku ubavuni. Weusi ulijikusanya kwenye sumaku. Mwanga ulibaki palepale majini, haukusogea hata kwa upana wa unywele. Lau chembe zingekuwa za aina moja, vingekwenda pamoja. Nilirudia mara tatu.

Fundi wa mashine alinikuta ndani ya koti. "Mzee Kanuni, umeanza kuatamia mayai?" Nilipomweleza, kicheko kilimkauka. "Funika kombe mwanaharamu apite. Mtoto keshafika huko, na wewe umebakiza miezi minne ustaafu. Unatafuta nini?"

Niliizima taa, nikakunja koti. Nilikufundisha herufi kwa lebo za chupa hizi hizi, nawe ukiwa na miaka sita ukaanza kunisahihisha. Naogopa kukuangusha, naogopa zaidi uangushwe na wageni mbele za watu.

Mama yako, aliyebandika picha yako juu ya cherehani, anakusalimu sana. Ameniuliza mbona sili, sijamwambia. Babu naye anakusalimu. Mola auongoze ulimi wako.

Chupa nimeifungia kabatini, sijaigusa tena. Naomba uamuzi wako: nimweleze profesa mimi, au utamweleza wewe?

Mjomba wako akupendaye, akuombaye radhi.