Barua Isiyo na Irabu

Umm Salal, Doha
Ijumaa, 21 Februari 2014

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje, na ile dawa ya kuchua aliyokuletea Vuai alipotoka huku imekufaa? Mimi mzima, na watu wa nyumba ninayofanyia kazi wazima pia. Ungekuwa unasikia simu ningekupigia leo leo, maana habari hii inanikereketa.

Rafiki yangu Ann, yule Mkenya, ni mlinzi kwenye nyumba ya sanaa ya kifalme huku mjini. Kuingia bure, ndani baridi safi, na kila baada ya miezi mitatu wanaondoa vitu vyote na kuweka vingine. Mara ya mwisho yalikuwa mazulia. Leo nimekuta barua za kale za wasafiri. Mbele ya barua moja walisimama Waarabu wawili, wanasoma na hawaelewi kitu. Nikainama, nikaisoma. Ni Kiswahili, mama, kwa herufi za Kiarabu ulizonifundisha wewe, hizi hizi ninazokuandikia.

Kibao cha maelezo kinasema ni barua ya mfanyabiashara wa punda. Nilicheka mpaka Ann akanikanya. Huyo ni mwanamke anamwandikia mumewe aliyekuja huku Ghuba. Tatizo hakutia irabu hata moja, kama wewe ukiwa na haraka, na bila irabu punda, penda, panda na ponda zote sura moja. Mimi nimesoma "napenda makombe, watoto wanakula". Lakini mke gani atamwandikia mume aliye mbali habari za vikombe?

Bibi msimamizi alinisikia. Hakukasirika. Amesema nikimletea usomaji sahihi kabla ya tarehe 30 Aprili atabadilisha kibao na kuuweka kwenye kitabu cha maonyesho. Baada ya hapo barua inarudishwa kwa wenyewe na itabaki ya punda. Nimeinakili yote nyuma ya karatasi hii, isipokuwa mstari wa mwisho ulionishinda, nimeuchora tu ulivyo. Nisomee, mama.

Mwanao,
Hidaya

Bwejuu
16 Machi 2014

Mwanangu Hidaya,

Salamu zimefika, nami nakuombea kila swala. Mgongo afadhali. Dawa inanuka nyumba nzima lakini inafaa.

Ama hiyo barua, nitoe. Mimi si msomi. Siku nilipokupeleka sekondari mwalimu alinipa kalamu nitie sahihi, nikaandika jina langu kwa herufi zetu. Akasema hayo si maandishi, akanipaka wino kidole gumba, na kwenye fomu akajaza kwamba mzazi hajui kusoma. Nawe ulikuwepo, ukatazama chini. Leo nikasome barua ya wafalme? Wakikuuliza nani kaisoma, utasema nani?

Mamako

Umm Salal
4 Aprili 2014

Mama yangu,

Shikamoo tena, na usichoke kunisoma.

Nilikuwepo, na nilijua kwamba unajua. Niliona haya mbele ya wenzangu, nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na minne, lakini hiyo si sababu. Nisamehe, mama. Jambo hili nimetembea nalo miaka yote na sikupata ulimi wa kulisema.

Mle kwenye nyumba ya sanaa mna watu waliosoma Ulaya na karatasi ile imewashinda. Wakiniuliza nani kaisoma, nitasema mama yangu, Mwanahawa binti Makame wa Bwejuu. Vuai anakuletea barua hii, na anarudi huku tarehe 28. Ukikataa sitakulaumu.

Mwanao,
Hidaya

Bwejuu
25 Aprili 2014

Mwanangu,

Nimekusamehe, na radhi zangu unazo. Nililia kidogo, kisha nikakaa na barua yako mpaka adhuhuri.

Huyo mwanamke hana habari na makombe. Anasema, "Naponda makumbi, watoto wanakula." Ati wewe wa kusahau makumbi? Si yale makumbi ya nazi tuliyokuwa tukiyafukia pwani, tukayafukua baada ya miezi na kuyaponda mpaka yakawa nyuzi za kusokotea kamba? Anamwambia mumewe asihangaike, nyumba inakwenda. Na mstari uliokushinda ni huu: "Mikono imekuwa migumu, usinicheke ukirudi."

Mimi sicheki. Namjua.

Mamako

Umm Salal
Ijumaa, 2 Mei 2014

Mama yangu,

Shikamoo. Vuai alifika salama. Mama mwenye nyumba alinipa ruhusa siku isiyo yangu ya mapumziko, Mungu amlipe, nikampelekea msimamizi barua yako. Kibao kipya kilikaa siku moja tu, ile ya mwisho ya maonyesho. Nilikwenda siku hiyo nikasimama mbele yake mpaka miguu ikauma. Leo nimerudi, pale pana picha za farasi.

Asante, mama. Mikono yako pia ilikuwa migumu, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye kamba zile. Nilikuwa naona kuponda makumbi ni jambo la kawaida tu la nyumbani. Sikuwahi kukushukuru. Nakushukuru sasa, kwa kamba na kwa herufi.

Kitabu wamesema mwisho wa mwaka.

Mwanao,
Hidaya

Bwejuu
7 Desemba 2014

Hidaya mwanangu,

Sote wazima, hofu kwako.

Kitabu kimefika, kizito kama kinu. Baraza ilijaa watu. Kaka yako Abubakari alikifungua upande wa Kizungu, akawa ananitafutia kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa. Nikamwambia nipe hicho. Nikakigeuza, nikaanzia upande wa Kiarabu. Nikaliona jina langu: imesomwa na Mwanahawa binti Makame, Bwejuu. Nimelisoma mwenyewe, mwanangu, sikusomewa.

Ila Makame wameandika Mukami. Nimekata kwa kalamu, nikaliandika sawasawa juu yake. Abubakari anasema kitabu cha wafalme hakiandikwi ovyo. Nimemwambia babangu hakuitwa Mukami.

Mungu akuzidishie, umenipa furaha kubwa.

Mamako,
Mwanahawa binti Makame