Frida Kaulizwa Mara Tatu

Shoga, Frida kakataa posa. Kakataa mbele ya wazee wote!

Si unajua leo ndiyo barua ya Zakayo ilikuwa inapelekwa kwa kina Frida, Songea. Washenga wamekaa mkekani kule, mimi huku ughaibuni, Kensington, nimemshikia Frida simu ili wamwone kwa video. Zakayo mwenyewe kakaa ubavuni kwake na suti mpya.

Baba yake mkubwa akauliza kama ilivyo desturi: "Frida mwanangu, mwenye barua hii unamfahamu?" Kimya. Akarudia. Kimya. Washenga wakacheka, wakadhani bibi harusi anaona haya.

Haya wapi! Wiki nzima hajalala. Ile nafasi ya chuo aliyolia kuikosa, kumbe alipewa. Jumatatu ndiyo kagundua: Zakayo aliingia kwenye imeli ya Frida, akaikataa kwa jina la Frida. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, unajibiwa barua zako!

Mara ya tatu akainua uso. "Namfahamu, baba. Ndiyo maana sitaki."

Yaani namfahamu, ndiyo maana sitaki! Vigelegele vilivyokwisha anza kule vikakatika. Zakayo akanyanyuka, akatoka. Mpaka sasa yuko kwenye gari hapo nje, kazima injini, haondoki.

Mama yake Frida kapiga sasa hivi. Nikajua matusi yanakuja. Wala hakugomba. Kauliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini: "Mlango mmefunga?"