Mlango wa Kusukuma Pembeni

Jumatatu, 3 Machi

Wamelichukua! Nimefika kiwandani asubuhi na chupa yangu ya chai, pale ninapoegesha pana doa la oili tu. Gari langu la mkate halipo. Namuuliza mlinzi, ananiambia liko gereji ya nyuma, linarembwa. Linarembwa la nini? Linaolewa?

Kumbe ni mambo ya sherehe. Kiwanda kinatimiza miaka arobaini, wakubwa wanataka gari la zamani liwekwe getini watu wapige nalo picha. Sisi madereva tumepewa mapya. Meupe, marefu, yananuka plastiki. Mlango wa dereva unafunguka kwa nje kama wa kabati.

Shemeji ndiye meneja wa usambazaji – kamuoa mdogo wangu. Kanikabidhi ufunguo mwenyewe, tabasamu mpaka kwenye masikio. Nikamuuliza mafunzo ni lini, maana karatasi ya waliouza magari inasema kuna mafunzo. Akacheka. Eti shemeji, mtu mzoefu kama wewe ufundishwe nini? Gari ni gari. Sherehe imekaribia, hakuna muda wa kukaa darasani.

Haya bwana. Gari ni gari.

Jumanne, 4 Machi

Watu hawa hawajui ule mlango ulikuwa kitu gani. Haukufunguka nje hata kidogo. Unausukuma kwa bega, unateleza kwenye reli kurudi nyuma, krrrr – pa! – unaunasa kwenye ndoano yake, basi. Umemaliza. Siku nzima naendesha wazi, upepo wa bure, mguu mmoja jirani na ngazi. Nikifika dukani nashuka kreti begani, narudi, naweka gia. Nani ana habari ya kufungua na kufunga?

Na maneno je! Mtaa mzima nilikuwa nausalimia kutoka kwenye kiti. Mwenye duka la kona alikuwa ananipa umbea wa wiki nzima nikiwa nageuza gari. Nilijua nani kajifungua, nani kahama, nani kamfumania nani.

Na fundi cherehani wangu. Huyu alikuwa anakuja na baiskeli kutoka nyuma, anapita ubavuni hadi bega linapangusa bati, mimi nanyoosha mkono nje na mkate wake, anaudaka. Yeye hasimami, mimi sisimami. Miaka nenda miaka rudi! Watu walikuwa wanatupigia mbinja. Wenye baiskeli wote wa njia yangu walipita hivyo hivyo, wamenibana, kwa sababu kila mtu alijua mlango wa gari la mkate hautoki nje kumfuata mtu.

Nisitie chumvi. Mvua ikinyesha nililowa upande mmoja, mwingine mkavu. Vumbi nilikula. Siku za baridi reli iliganda, nikautukana mlango ule matusi ambayo siwezi kuyaandika hata humu. Lakini ulikuwa mlango wangu, nikiupaka mshumaa kwenye reli kila Jumapili, na ulinielewa.

Jioni binti yangu kanikuta nimenuna. Mama, unalilia bati? Ndiyo, nikamwambia, nalilia bati. Kaenda jikoni kunicheka.

Alhamisi, 6 Machi

Gari jipya lina mdomo. Hujafunga mkanda – pi pi pi. Mlango haujabana – pi pi pi. Umekaribia ukuta – piiiii! Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunisema hivi.

Vioo juu, kiyoyozi. Napita mtaani kama maiti kwenye jeneza. Mwenye duka la kona kanipungia, kasema kitu, nikaona midomo tu. Nimeshindwa hata kujua ni salamu au tusi.

Mara ngapi leo nimeusukuma ule mlango kwa bega! Mkono unavuta kitasa, bega linasukuma. Hauendi nyuma. Unaruka nje. Dereva mwenzangu wa njia ya sokoni anasema naye hivyo hivyo, jana kidogo ampasue mtu wa mkokoteni. Tukacheka. Tumecheka, wajinga sisi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemvunja fundi.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 9 Machi

Acha niandike, maana kesho nitaanza kusikia stori za watu na nitachanganyikiwa.

Ilikuwa mbele ya duka la kona. Nimesimamisha gari. Sikutazama kioo cha pembeni. Kwa nini nitazame? Maisha yangu yote ya udereva sijatazama kioo wakati wa kushuka, hapakuwa na sababu. Mkono kitasa, bega mlango. Na yeye, wiki nzima alikuwa safarini, kaona nembo ya mkate tu, alikuwa anakuja kama siku zote, amenibana, mkono wa kushoto kauacha huru tayari kwa mkate wake. Jamani! Anakuja kuchukua mkate wake!

Mlango ulimpiga. Nilisikia. Baiskeli ikaenda kule, yeye kule. Mkono wa kulia ukawa chini yake, umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki.

Neno lake la kwanza, amelala chini, jasho linamtoka: Mama Mkate, umebadilisha gari?

Mkono wa kulia. Wa kuongozea kitambaa, wa kukata. Mungu wangu.

Shemeji alifika kabla ya trafiki. Yeye ndiye aliyeongea. Mimi nilikaa kwenye kreti. Alisema baiskeli ilikuwa inayumba. Alisema mwendesha baiskeli ananuka pombe. Trafiki akanigeukia: ndivyo, mama? Shemeji akaniwekea mkono begani. Na mimi sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Trafiki akaandika.

Jumanne, 11 Machi

Wamekuja nyumbani, Shemeji na mdogo wangu. Mdogo wangu kabeba matunda, kama vile mimi ndiye mgonjwa.

Shemeji kanieleza taratibu, kwa ile sauti yake ya mkutano. Kosa likiwa la dereva, dereva anaondoka, ndiyo sheria ya kiwanda, na mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Halafu watauliza mafunzo yalifanyika lini. Hapo na yeye anaondoka. Kwa hiyo ni bora tuache lilivyo. Fundi atapona, mifupa inaunga.

Na ile pombe, nikamuuliza. Umeitoa wapi?

Akatazama pembeni. Eti bima wanahitaji sababu.

Bima wakikubali sababu hiyo, fundi hapati kitu. Wala matibabu. Shemeji anajua. Mimi najua. Mdogo wangu naye anajua, maana alikuwa anamenya chungwa lile lile muda wote.

Alinifuata jikoni. Dada, akasema, ukifungua mdomo, mume wangu anamwaga unga na wewe unamwaga unga. Halafu tutakula hayo maneno yako? Nilimlea huyu mtoto mgongoni. Nikaosha vikombe.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda kumuona. Plasta kutoka begani hadi kwenye vidole. Cherehani imefunikwa shuka. Sare za shule za watu zimelala mezani, zimekatwa, hazijashonwa.

Nilitaka anitukane! Walahi, ningemshukuru. Lakini yeye kaanza kunipa moyo mimi. Kosa langu, anasema, nilikubana mno, sikuangalia kama hili ni jipya. Mkewe kaleta chai. Tukazungumza habari za gari la zamani, kama watu wanaozungumza habari za marehemu. Kakumbuka siku niliyomrushia mkate ukaangukia kwenye kapu la mama mmoja wa nyuma yake, mama akasema asante akaenda zake. Tulicheka mpaka akashika mkono kwa maumivu.

Habari ya pombe hajui. Nilikuwa nimekaa pale, biskuti yake mdomoni, na sikumwambia. Nimerudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo. Sikupenda.

Jumatano, 19 Machi

Kajua.

Bima wamemjibu: alikuwa amelewa, kesi imefungwa.

Nilipeleka mkate asubuhi, wa moto, nimeufunga kwenye kitambaa kama siku zote. Mkewe kafungua mlango nusu. Hakupaza sauti. Mume wangu hajawahi kuonja pombe, akasema, na wewe unamjua kuliko hao wote, na wewe ulikuwepo. Kanirudishia mkate mikononi. Akafunga.

Nimeula mwenyewe ndani ya gari, vioo juu.

Alhamisi, 20 Machi

Wamenipeleka gereji kuliona. Nilitaka kukimbia.

Rangi ya krimu na nyekundu, kama lilivyokuwa likiwa jipya. Usukani umepakwa mafuta. Kiti changu kilichobonyea kwa makalio yangu wamekitoa, wameweka cha ngozi. Na mlango! Wameuchomelea. Umesimama wazi daima, nukta za moto kwenye reli juu na chini. Fundi wa gereji kasema ni kwa usalama, watoto wasije wakabanwa vidole.

Mlango ule haukuwahi kumgusa mtu. Huo ndio wamechomelea. Ule unaovunja watu umepewa madereva.

Kijana wa matangazo anaruka ruka kwa furaha. Anasema watu siku hizi wanapenda vitu vya zamani, vina roho. Kakuta sisi tunavitumia, akatunyang'anya, sasa anavipenda! Anataka mimi nikae kwenye usukani siku ya sherehe, na kofia ya zamani, niwe "kumbukumbu hai". Shemeji kanipiga jicho. Nikasema sawa, shingo upande.

Usiku mdogo wangu kanipigia simu kunishukuru. Kunishukuru! Nikamkatia.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa ndani yake. Kijidaftari juu ya boksi la injini, hapa kati ya viti, pale nilipokuwa napashia chakula. Injini baridi. Hawakuirudisha hata betri.

Tangu asubuhi watu wanapanda, wanashuka. Wanashika usukani, wanapiga picha. Baba mmoja kaniambia utoto wake ulinuka gari hili. Kamkumbatia mwanawe akaanza kulia. Nami nikakaribia kulia naye, mjinga mimi, kisha nikakumbuka ni nani hasa anastahili kuliliwa.

Sasa hotuba. Watu wamegeukia jukwaani, nimepata nafasi. Mkurugenzi kamaliza. Shemeji kachukua kipaza sauti. Suti mpya. Mdogo wangu mstari wa mbele, mikono mapajani, ananitazama mimi, hamtazami mumewe.

Fundi yupo.

Nimemuona sasa hivi, nyuma ya watu, chini ya bendera za kiwanda. Shati limekatwa bega ili plasta ipite. Mkewe hayupo. Amekuja peke yake. Hakuja kupiga picha huyu. Ananitazama hapa mlangoni na mimi siwezi kujificha popote, gari limeachwa wazi kama duka.

Shemeji anavisha watu vilemba vya ukoka, mmoja mmoja. Wapishi. Wapakiaji. Sasa anasema kuhusu mimi. Anasema mama huyu – tangu gari hili lilipokuwa jipya – kila alfajiri – na katika miaka yote hiyo, ndugu zangu, hajawahi kumgonga mtu hata mmoja!

Makofi.

Anasema nisimame. Anasema niseme maneno mawili. Kijana wa matangazo anakuja mbio na kipaza sauti, kamba inaburuta nyuma yake. Mdogo wangu anatikisa kichwa, kidogo sana, hapana, dada, hapana.

Wote wanapiga makofi, wamegeuka huku. Fundi hapigi. Kanyanyua mkono wake wa kushoto, kauacha hewani, na sijui ananisalimia au ananiuliza.

Kipaza sauti hiki hapa mlangoni. Acha nisimame kwanza, niwaambie ni mimi niliyemvunja fundi, na hakuwa amelewa.