Uso wa Anayesikiliza

Nizwa, Oman

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Shaweji,

Shikamoo, Baba. Natumai barua hii itakukuta goti limepoa, na mwanangu Maram anakusaidia bila ya kununa. Mimi huku ni mzima, alhamdulillahi. Bibi Ghaniya, yule mama mtu mzima ninayemtunza, anakusalimu sana. Kila nikimaliza kuzungumza nawe kwa simu huniuliza umesemaje, kwa Kiswahili chake cha Unguja ya zamani. Haya ninayokuandikia nimejaribu kukwambia kwa simu nikashindwa.

Alikuja hapa nyumbani mwongozaji wa filamu, mwanamke wa mji wa Sur aitwaye Rawya. Anatengeneza filamu za vita, lakini sijapata kuona filamu za vita kama zake. Hamna bunduki, hamna moshi, hamna muziki wa kutia hofu. Hata anayesimulia humwoni, unasikia sauti yake tu. Kamera humwelekea anayesikiliza, mwanzo hadi mwisho. Mwenye kisa humchagua mwenyewe mtu wa kumsimulia, na lazima awe mtu ambaye hajapata kukisikia. Nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo. Akanijibu kwamba akionyesha moto, watu watatazama moto, naye anataka watazame vita vinavyomwingia mtu.

Alimjia Bibi kwa sababu Bibi alizaliwa Tanuf, kijiji cha karibu na hapa kilichopigwa mabomu na ndege zamani, katika vita vya Jabali, vilivyopiganwa kwenye milima ya huku. Alikuwa mtoto. Baadaye ami yake alimchukua Unguja, akakulia huko, akarudi Oman mtu mzima. Habari za siku ile hakumwambia mtu, hata mwanawe Musabbah. Sote tulidhani atamchagua Musabbah, lakini akanichagua mimi.

Musabbah aliumia, nikaona. Bibi akamwambia mbele yetu, kwa upole, "Nikikusimulia wewe, mwanangu, nitakuonea huruma, nitapunguza. Na kwa Kiarabu maneno hunikwama."

Basi tukaenda Tanuf, tukapita kiwanda cha maji hadi kwenye magofu. Kuta za udongo zimesimama bila mapaa. Rawya alitutandikia mkeka kivulini, akaiweka kamera nyuma ya bega la Bibi, ikinitazama mimi. Akaniomba jambo moja tu, nisimkatize.

Bibi alisimulia kwamba walikuwa wamekimbilia bondeni, chini ya mwamba, yeye na mama yake. Ndege zilipokuja, mama yake alimkumbatia, akamziba masikio kwa viganja vyote viwili, akambana kwa nguvu. Kwa hiyo hakusikia mabomu. Alichokiona ni vumbi likiteremka, na midomo ya mama yake ikicheza mbele ya uso wake. Mama alikuwa akimwambia kitu, tena kirefu. Walipotoka, nyumba yao haikuwapo. Mama akafariki kabla yeye hajapelekwa Unguja.

"Mpaka leo sijui alikuwa akiniambia nini," akasema Bibi. "Sikumuuliza. Nilidhani ipo siku."

Baba, sikujua uso wangu unafanya nini wakati ule. Nilikuja kuuona juzi, Rawya alipotuonyesha filamu ukutani sebuleni. Niliogopa. Ni mimi, na tena si mimi. Hakuna bomu hata moja lililoonekana, lakini vita vyote vilipita pale, machoni mwangu na kwenye shingo yangu. Nikaelewa kwamba Rawya anajua kitu ambacho wengine hawajakijua. Musabbah alitazama hadi mwisho, akanyanyuka, akaenda kukaa sakafuni miguuni pa mama yake. Kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika akamwomba amsimulie tena, na asipunguze. Bibi akamsimulia.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Katika filamu ile kuna mahali macho yangu yanamwacha Bibi, yanatazama pembeni. Rawya aliniuliza niliona nini. Nikamwambia nilikuona wewe, Baba. Najua ulikwenda vita vya Kagera na ulirudi peke yako katika vijana wa mtaa wetu. Marehemu mama alituonya tusikuulize kamwe, na kila redio ilipovitaja tulikuona ukitoka kwenda uani. Tukazoea, tukaona ndiyo adabu.

Nimeomba ruhusa, nitakuja baada ya Idi. Rawya hatakuja, wala kamera. Nitakaa mbele yako na sitakukatiza. Ukitaka kupunguza, punguza. Ukinyamaza pia, tutanyamaza pamoja. Lakini mimi nimekuuliza, Baba.

Mbusu Maram kwa niaba yangu, na majirani wote wape salamu zangu mmoja mmoja. Mungu akuhifadhi mpaka tuonane.

Ni mimi binti yako,
Hafidha