Jeti Nyeupe ya Barre

Jumatatu, 1 Julai 1996
Hatimaye! Kapteni Mbugua ametangaza ofisini: jeti yetu kuukuu inauzwa. Za kuchagua ni mbili. Moja mpya kabisa, lakini tutaingoja hadi mwaka wa tisini na nane. Nyingine nyeupe, imetumika, iko hapa uwanja wa Wilson tayari. Dalali Barre ndiye kaileta. Inafika Johannesburg bila kuongeza mafuta. Tukichukua nyeupe, Mbugua anastaafu na mimi nakuwa kapteni. Tukingoja, naye anabaki, na mimi nabaki kumshikia ramani. Bosi anataka ripoti yangu. Marion ameshaanza kuniita Kapteni huko jikoni. Kesho mtaa mzima wa Donholm utajua, namjua mke wangu!

Alhamisi, 4 Julai
Tumeijaribu hadi Kisumu. Inapaa — raha tupu! Ila kuna kitu. Kwa ndege ndogo hivi, abiria akienda nyuma chooni, rubani anajua: pua inainuka kidogo, unairudisha. Tulipopita Nakuru pua ikainama, polepole. Mtu anatoka nyuma, anakuja mbele. Nikasema, Sally, si ukae. Sally, mhudumu wetu, akajibu mbona amekaa, yuko hapa nyuma yangu, mkanda amefunga. Huko nyuma hakukuwa na mtu. Mkono wa Mbugua ulikuwa kwenye usukani pia.

Ijumaa, 5 Julai
Fundi Ndeti amefungua hadi sakafu. Ametafuta maji, mzigo uliolegea, waya. Hakuna. Mchana tukaipeleka Mombasa — imetulia tuli. Nimemwambia Marion ni upepo wa Bonde la Ufa. Upepo gani! Mimi mwenyewe sikujiamini.

Jumatatu, 8 Julai
Leo nimembana Barre. Kazungukazunguka weee, halafu akasema. Mwenye ndege alifia hotelini Afrika Kusini, wakamleta kwa ndege yake mwenyewe hadi Kisumu. Nikauliza, kwao ni wapi? Huko magharibi, ndugu yangu, sikuuliza.

Mama yuko hapa, ametoka Webuye kumwona mjukuu. Nikamsimulia kama mzaha. Hakucheka. Kwetu mtu akifia mbali, anayemleta huongea naye njia nzima: sasa tumevuka mto, sasa tumefika sokoni, usibaki nyuma. Mama akauliza nani aliongea na huyo. Nani! Marubani wa kukodiwa na jeneza. Basi, akasema, wamezika mwili, mwenyewe bado yuko safarini. Usiichukue hiyo ndege, baba.

Kwa hivyo ningoje miaka miwili? Nimwandikie bosi nini, kwamba mama yangu amekataa?

Alhamisi, 11 Julai
Kisumu tena. Kupita Nakuru — huyo! Pua inainama, inainama, hadi nikajua amesimama nyuma ya kiti changu. Sally akavuta sweta akasema kuna baridi. Niliogopa. Acha niandike wazi, niliogopa sana. Mbugua alikuwa akiongea kwa redio na mnara wa Kisumu. Nikanong'ona kwa Kibukusu, lugha yetu, haraka haraka: mzee, tulia, mimi ni Nalianya, nitakufikisha nyumbani. Pua ikakaa sawa. Tukatua vizuri, tukarudi vizuri. Jioni nimeandika ripoti: inunuliwe.

Ijumaa, 12 Julai
Imenunuliwa! Mistari minne ya kapteni begani! Marion amechinja kuku. Mbugua amenipa mkono bila kuniangalia, akasema sijui ulimwambia nini, lakini asante.

Nikamweleza Mama, kwa maringo pia. Akaweka kikombe chini. Ulimwambia nyumbani kwa nani? Nyumbani tu, Mama. Na jina ulilomtajia? Langu.

Hakugusa kuku.

Jumapili, 14 Julai
Asubuhi tumeipeleka jeti hadi Kisumu na kurudi. Jeti YANGU. Nyepesi, safi, Nakuru tumepita kama hakuna kitu. Nimeimba! Nikaingia kwa gari nirudi nyumbani, springi zikalia. Nikafunga mlango. Springi zikalia tena. Nikasema ni gari tu, limezeeka.

Sasa niko langoni, hapa Donholm, naandika kwenye usukani. Mama ameliangalia gari, akafunga mlango wa nyumba kwa ndani. Marion yuko dirishani akilia, mtoto mgongoni, naye Mama amemshika mkono. Mama anapaza sauti: usimwingize kwa mtoto! Mpeleke kwao kwanza! Kwao wapi? Nimempigia Barre kwa simu ya pale madukani. Nyumbani kwake wanasema amesafiri, hawajui atarudi lini. Majirani wanatoka kanisani, wananipungia, Kapteni! Kapteni! Andati wa nyumba ya tatu amesimama kunipongeza, akainama kuangalia magurudumu. Kapteni, akasema, gari lako limelala upande mmoja, springi za kushoto zimekwisha.

Mimi nimekaa kulia.

Mama anasema niongee naye, si nilianza mwenyewe. Nimegeuka kushoto. Nimefungua mdomo. Sijui hata nimwite nani.