Tawi la Kahawa kwenye Friji la Samaki

Baba Tekla wangu,

Sikuulizi hali. Naanza moja kwa moja na ugomvi, maana kabati la baridi la Bi Zuhura limenitoa jasho wiki nzima, na wewe umelala zako makaburini kule juu, husumbuliwi na mtu.

Unalikumbuka. Ndilo la mwisho ulilotengeneza kabla kifua hakijakuangusha. Ukaweka vioo pande zote nne, ili mteja akiingia dukani kwake Mbamba Bay aone samaki kutoka kila upande. Mashine chini, koili ya baridi juu. Sasa niambie, fundi wangu, bomba la gesi lipande wapi? Kwenye kioo? Zilibaki nguzo nne za pembeni. Tatu umeziranda mpaka zimekuwa fito. Ya nne, ya mbele, ukaiacha nene, nami nikashukuru Mungu. Kumbe umeiacha nene ili uchonge tawi la kahawa! Majani, matunda, mpaka kimdudu kimekaa kwenye jani. Nani aliwahi kuona kahawa kwenye friji la samaki?

Lakini ndivyo ulivyokuwa tangu siku ya kwanza. Kabati letu la kwanza lilikuwa la bucha, hapa Mbinga mjini. Mimi nimetoka Lundo, kule ziwani, na begi langu la vifaa vya friji, wewe una karakana yako kando ya barabara, malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yanapita na kumwaga vumbi kwenye vanishi yako mbichi. Uliniita kazi imekwisha. Ubao wa nyuma umeshapigiliwa, gundi imeshakauka. Nikauliza bomba litapita wapi. Ukanijibu bila aibu, "Kwani gesi si hewa? Hewa hupita popote."

Nililala chali ndani ya lile kabati, kichwa kwenye rafu ya nyama, nikikutukana kwa Kinyasa. Wewe Mmatengo ulikaa nje unacheka, kwa kuwa hukuelewa hata neno moja. Mwaka huohuo ukatuma washenga kwetu.

Na sakafu za makabati yako, jamani! Maji ya barafu inayoyeyuka yanataka mteremko kidogo yafike kwenye tundu la kutokea. Wewe uliyekulia kwenye ngoro, uliyechimba yale mashimo shambani kwa baba yako tangu hujaanza shule, unayejua mvua inavyoshuka mlimani shimo hadi shimo, ulikuwa unaweka pimamaji juu ya sakafu na kujisifu imenyooka. Nilikuomba uilaze kidogo upande mmoja. Ukasema, "Mama Tekla, kazi iliyopinda haitoki mkononi mwangu." Basi nikawa nasubiri uende misa, ndipo nachomeka vipande vya mbao chini ya miguu ya kabati. Hukuwahi kujua, au ulijua ukanyamaza.

Turudi kwenye nguzo yako. Bomba linalorudisha gesi kwenye mashine lazima livae sponji, na likishavaa linakuwa nene kama gunzi la mahindi. Lisipovaa linatoa jasho, jasho linanywewa na mbao, na masika moja tu nguzo imevimba na kuanza kuoza. Nikilivua sponji, linapita nyuma ya kahawa yako bila kugusa jani. Nikilivika, inabidi nichimbe kutoka ndani mpaka nitokeze upande wa mbele, kwenye tawi.

Wifi yangu, dada yako, alipopata habari alikuja karakana mbiombio. Akasimama mbele ya kabati na kanga yake begani. "Usiliguse, wifi. Hii ndiyo kazi ya mwisho ya mkono wa kaka yangu. Lipeleke nyumbani tuweke vikombe." Hajaondoka, Bi Zuhura akapiga simu. "Mwanangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi hasa. Lakini samaki wangu wanaharibika. Mimi nataka baridi, maua sikuagiza."

Nakwambia ukweli, sponji nilishalivua. Bomba tupu lilikuwa mkononi. Ndipo nikaiona nguzo yako imefura masika ijayo, Bi Zuhura anawaambia wateja kwamba kabati la marehemu lilikuwa bovu, nao wanaamini. Nikakasirika upya. Miaka yote ile nilikukosoa mimi, na sikumpa mtu mwingine ruhusa hiyo.

Nikachukua patasi yako. Majani yalikatika moja baada ya jingine, yakaanguka kwenye viatu vyangu. Nililia, lakini usijidanganye, nililia kwa hasira. Kimdudu chako kilibaki kizima, na sijui kwa nini hicho ndicho kilichonikera zaidi. Nikalaza bomba na sponji lake, nikafunika kwa ubao mtupu, nikapima viungo kwa povu la sabuni. Hakuna hata kimoja kilichovuja.

Sasa Bi Zuhura amepanga samaki wake, mbasa juu na usipa chini. Siku ya kwanza alishika kioo kwa viganja vyote viwili, akasema alhamdulillahi. Kisha akagusa ule ubao akaniuliza ni wa nini. Nikamwambia hapo ndipo linapopanda bomba. Wifi bado hanisemeshi vizuri.

Jana nimeenda kwa seremala mwingine, maana kuna mteja wa kule kijijini Kihagara anataka kabati la soda na maziwa. Ni bwana mmoja mpole, msafi wa kazi. Kabla hajashika msumeno akaniuliza, "Mama, nikuachie nafasi kiasi gani ya mabomba?"

Sijawahi kuulizwa. Maisha yangu yote ya kazi nimepita pale ulipobakiza wewe. Nikamwambia nitamjulisha kesho, na kesho yenyewe ndiyo leo, nami nimekaa hapa, futi kamba iko mezani, nakuandikia wewe badala ya kupima.

Lala salama, mkorofi wangu. Ile nguzo nimekusamehe. Hili la kuondoka bado.

Mkeo,
Mama Tekla