Vidonge vya Malaria kwa Kifua cha Mafua

Kiprono, mdogo wangu,

Nyasi zimefunika kaburi lako, na mafua yaleyale yaliyokuua yamerudi katika shamba la chai. Sikuandikii ili kukuliwaza. Nina hasira.

Unaukumbuka mstari wa asubuhi mbele ya zahanati? Kila mchumaji alimeza vidonge vya malaria, akapanua kinywa ili nyapara aone kwamba havikufichwa chini ya ulimi. Mafua yalipokuja, walitumia mstari uleule na vidonge vilevile, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwapo. Wewe ulicheka: "Kama dawa ya mbu inaua mafua, basi dawa ya minyoo itanifanya chifu." Nilikukemea. Dawa ya ugonjwa mmoja yaweza kufaa ugonjwa mwingine, na hata leo naamini hivyo. Redioni wanasema kuwa madaktari wa ng'ambo wanajaribu dawa za zamani dhidi ya mafua. Wajaribu. Lakini anayejaribu dawa humlaza mgonjwa, akamtazama. Wewe nani alikutazama? Aliyemeza alihesabiwa kuwa ametibiwa, na aliyetibiwa alihesabiwa kuwa mzima. "Umemeza, arap Koech? Chukua kikapu. Chai haina homa," nyapara alikuambia. Ukachuma katika mvua huku unatetemeka. Tulipokufikisha hospitali ya Kaplong, daktari alisikiliza kifua chako, akaniambia tumechelewa.

Baada ya mazishi mkeo alichukua kazi yako, watoto wasije wakafukuzwa katika nyumba ya kampuni. Nilipompinga alinijibu, "Shemeji, nyumba ni ya anayechuma."

Jumatatu nilimkuta katikati ya michai, anakohoa, macho mekundu. Alikuwa amemeza. Nyapara yuleyule alinijia juu: "Mzee, huyu amepewa dawa! Ukimwondoa, jioni nyumba ina mtu mwingine." Nilimwambia ampe huyo mtu mwingine nyumba, na kikapu pia, nikamwondoa mkeo.

Sasa mkeo amelazwa, na daktari anasema tumewahi. Wanao wako kwangu Ndanai, wanamaliza maziwa na kuvunja ua wangu. Nyumba ilichukuliwa jioni ileile. Sijamsamehe mtu, Kiprono. Usiniombe.

Kwaheri, mdogo wangu. Mkeo hatarudi katika mstari ule, wala wanao hawatapanua vinywa mbele ya mtu yule, maadamu mimi ni hai.

Ndugu yako mkubwa